Mkono wa Fundi Kufuli

Kazini walimwita Mama Kioo, na jina hilo hakulipata kwa kujipamba. Nywele alichana mara moja kwa siku, tena akikumbuka. Walimwita hivyo kwa sababu ya kioo kirefu, cha kumwonyesha mtu kuanzia utosini hadi unyayoni, alichokiegemeza ukutani mwisho wa chumba chao cha kuchorea filamu za katuni. Kabla hajamchora mtu anayepiga chafya, lazima apige chafya yeye kwanza mbele ya kile kioo, mara kumi, mara ishirini, mpaka wenzake wakachoka kumwambia afya. Alishawahi kuwa mwizi, malkia, mbuzi mwenye mimba, na mlevi anayetafuta kiatu alichokivaa. Akishaigiza hukimbilia mezani, hushika kalamu na kuchora alichokiona kabla hakijampotea. Miaka kumi na saba alikula kwa njia hiyo.

Sekunde moja ya filamu inataka picha ishirini na nne. Watu wakiambiwa hivyo humpa pole. Yeye aliwapa pole wao, hao wanaokaa ofisini kutwa nzima na jioni inafika hakuna hata kitu kimoja walichokisimamisha kikatembea. Maana hapo ndipo raha yake ilipokuwa: unachora mstari, unachora mstari, unachora mstari, halafu unabonyeza kitufe na mtu anainuka anaondoka zake. Miaka yote hiyo na bado akibonyeza alikuwa anacheka peke yake.

Sasa Jumatatu moja mwongozaji wa filamu akamwita. Huyu mwongozaji walimbandika jina la Bwana Rudia, na sababu yake haihitaji maelezo. Alikuwa mbele ya skrini, mikono kifuani.

"Mama Kioo, hebu njoo. Kipande cha arobaini na moja. Mzee wako huyu mkono wa kushoto umepatwa na nini?"

Kipande chenyewe kilikuwa cha sekunde tisa. Filamu yao ilimhusu fundi kufuli mzee aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe, na hapo alikuwa anakuja kwenye korido ndefu, uso kwa uso na mtazamaji, amekasirika mpaka masharubu yamesimama. Mama Kioo alikipenda sana kipande hicho.

"Umepatwa na nini kivipi?"

"Haubembei. Wa kulia unakwenda na kurudi kama kawaida ya mtu. Wa kushoto umeganda kwenye nyonga. Tazama. Tena. Tazama."

Akatazama. Kweli. Mkono wa kushoto wa fundi kufuli ulining'inia tu, kiwiko kimekunjika kidogo, vidole vimekusanyika, miguu ikienda ule hauna habari. Mama Kioo akahisi uso unamchoma moto. Kusahau mkono kwenye kutembea ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Sikuutunga mimi," akajitetea. "Hizo hatua za baba yangu. Nilimpiga video nyumbani, nikaitazama mpaka nikaikariri, nikaja nikaiigiza kwenye kioo, ndiyo nikachora. Kama mkono haubembei, basi ni wa baba ndio haubembei."

Alisema hivyo ili ashinde ubishi tu. Lakini Bwana Rudia hakubisha. Alivua miwani akaipangusa kwa shati.

"Mjomba wangu alianza hivyo hivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono mmoja ukaacha kubembea akitembea. Tukamtania kwamba anaringa. Miaka miwili baadaye ukaanza kutetemeka, na sasa hata kijiko hawezi kushika, analishwa. Mpeleke mzee akaonwe, dada yangu. Kipande kitasubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

Mama Kioo alirudi mezani kwake akatafuta ile video kwenye simu. Hakuna. Akakumbuka: simu ilikuwa imejaa, akafuta vitu, na hiyo ilikuwemo. Alikaa akaikodolea macho simu kana kwamba ingeona haya na kuirudisha.

*

Huyo baba yake alikuwa msambazaji wa barua mstaafu. Miaka thelathini alitembea mlango hadi mlango, mkoba begani, na mwendo wake ulijulikana mtaani kabla ya sura yake. Tangu mkewe afariki aliishi kwa bintiye, na alikuwa na mapenzi makubwa mawili: bintiye na katuni. Ukimkuta mbele ya televisheni anatazama katuni, usimwombe hata maji ya kunywa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Mama Kioo, akiwa na miaka mitano, kwa jirani mwenye televisheni. Watoto walikaa mkekani, watu wazima kwenye viti, na yeye alikaa mkekani, tena mstari wa mbele. Siku moja jirani akamuuliza, "Bwana barua, wewe umemleta mtoto au mtoto amekuleta wewe?" Akajibu, "Tumeletana."

Jioni ile Mama Kioo alimwomba atembee tena koridoni.

"Unanipiga picha? Ya filamu? Ngoja basi nivae koti."

"Baba, usivae koti. Tembea tu."

Wapi. Mzee alivaa koti, akapangusa viatu, akaja koridoni kifua mbele na mikono yote miwili akiirusha mpaka mabegani kama askari wa gwaride. Akageuka mwisho wa korido kwa madoido, akarudi.

"Baba, tembea kawaida."

"Kawaida yangu ndiyo hii."

"Sivyo unavyotembea."

"Unanifundisha kutembea wewe? Mimi niliyekufundisha?"

Hapo Mama Kioo akakwama. Mtu ukimwambia aache kuigiza ndiyo kwanza anazidisha, jambo hilo analijua kila mwenye kamera. Akaamua amvizie. Asubuhi, baba yake alipokwenda kununua mkate, alijibanza nyuma ya pazia akamtazama. Mzee alikuwa ameshika mfuko mkono wa kushoto. Wakati wa kurudi mkate ulikuwa kushoto na mkono wa kulia unamsalimia kila mtu. Siku ya pili ilikuwa gazeti, kushoto. Siku ya tatu mwavuli, kushoto, na jua linawaka. Miaka thelathini mkono wa kushoto ulishikilia mkoba na wa kulia ukatoa barua, basi mkono ule haukujua kutoka nyumbani mtupu.

Au ndivyo alivyokuwa akiuficha? Hilo wazo lilipomwingia, halikutoka. Akaanza kuficha yeye mifuko, kisha mwavuli, kisha gazeti, aone mkono ukikosa kazi utafanya nini. Mzee alizunguka nyumba nzima akinung'unika, na mwishowe akatoka na sufuria.

"Sufuria ya nini, baba?"

"Ya kuwekea mkate! Mifuko yote imekwenda wapi? Humu ndani kuna mtu ananichezea akili, na tuko wawili tu."

Mama Kioo alitaka kucheka akashindwa. Hakulala vizuri, hakula vizuri. Kazini alifungua kipande cha arobaini na moja akakirudia mara mia, na kila alipokirudia alikielewa kidogo zaidi ya hapo kisha asikielewe kabisa. Mara aone mkono mgonjwa. Mara aone mzee mwenye hasira aliyekaza mkono, basi. Akijaribu kukumbuka baba yake alivyotembea mwaka jana, kilichomjia kichwani ni michoro yake mwenyewe. Na mtu akishaanza kumkumbuka baba yake kwa katuni alizochora, wa kumsaidia ni nani?

Ikafika Jumapili akashindwa. Akamwambia yote mezani, kuhusu kipande, kuhusu mkono, kuhusu mjomba wa Bwana Rudia.

Mzee aliweka kikombe chini. Aliutazama mkono wake wa kushoto, mbele, nyuma, akaufumba na kuufumbua.

"Huu?"

"Huo, baba."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Bwana Rudia anasema mwanzoni mtu hasikii kitu."

Kisha akafanya kitu ambacho Mama Kioo hakukitarajia. Hakubisha. Mtu aliyebisha na kila daktari, kila mtabiri wa hali ya hewa na kila mwamuzi wa mpira, alisema tu, "Sawa, mama. Kama ni mimi, basi ni mimi. Twende Jumatano." Akaosha vikombe. Kutoka jikoni akauliza, kana kwamba ni swali la kupitishia muda, "Hiyo filamu ya fundi kufuli inatoka lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Nitakuwa bado naweza kukaa kitini mwenyewe, nadhani."

Mama Kioo aliingia bafuni akafungua bomba ili asisikike akilia.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na saa kubwa ya mkononi. Alimwambia mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka. Akagonganisha. Afumbe ngumi na kufumbua. Akafumba na kufumbua. Alimkunja kiwiko na kumkunjua, akamwandikisha sentensi nzima, akampeleka nje koridoni akamwambia atembee, na alipoona anaanza kujitutumua akamwambia ahesabu kwa kurudi nyuma kutoka mia, saba saba. Mzee alizama kwenye hesabu akasahau kuigiza. Mikono yote miwili ilibembea kama ya mtu yeyote anayekwenda zake.

"Mzee wangu, huna kitu," daktari akasema walipoingia tena ndani. "Magoti yamechakaa kidogo, lakini mikono hii bado ingeweza kugawa barua."

"Nilijua!" mzee akapaza sauti, ingawa hakujua, na machozi yalimlenga. Akampa daktari mkono mara mbili, akatoka nje kwenye benchi kuwatangazia wagonjwa wenzake.

Mama Kioo alibaki. Alifurahi, Mungu shahidi, alifurahi. Lakini kichwa kilikuwa kimevurugika kuliko siku ya kwanza. Kama baba ni mzima, ule mkono ameutoa wapi?

"Daktari, naomba dakika moja," akasema, akatoa simu. "Ni kazi tu, inanisumbua. Tazama hiki."

Daktari akakitazama kipande cha arobaini na moja mara tatu. "Umechora vizuri sana," akasema taratibu. "Ningeonyeshwa mgonjwa anayetembea hivi, ningemwambia akae. Una vingine?"

Alikuwa navyo vingi. Akamwonyesha msichana wa maua aliyechorwa mwezi wa pili, anakuja mbio. Mkono wa kushoto ubavuni. Akamwonyesha askari. Ubavuni. Mwuza samaki, nesi, mtoto anayefukuza kuku, watu wa miaka tofauti na tabia tofauti, na kila mmoja aliyekuja mbele ya mtazamaji alikuja na mkono wa kushoto uliolala. Mama Kioo alikuwa amevitazama vipande hivyo mamia ya mara. Sasa aliviona kana kwamba vimechorwa na mtu mwingine, tena mtu asiyemtakia mema.

"Unachoraje hasa?" daktari akauliza. "Unamtazama nani?"

Basi hapo Mama Kioo, hata na hofu yake yote, akachangamka, maana ukitaka kumchangamsha muulize kazi yake. Akainuka. "Ninaigiza kwanza. Nasimama mwisho wa chumba, kioo kiko mbele yangu, nakiendea. Tazama: kisigino kinatangulia, uzito unakuja, kiuno kinashuka kidogo, hapo ndipo mtu anapoonekana ana kilo zake, wengi wanapasahau hapo. Halafu mguu wa nyuma unasukuma." Alikuwa anatembea kutoka kwenye kitanda cha kupimia kuelekea dirishani, macho yamemng'aa. "Ninachokiona kwenye kioo ndicho ninachokichora, hivyo hivyo kilivyo."

Akageuka. Daktari hakuwa anatazama kisigino wala kiuno.

"Mkono wangu wa kushoto ni mzima," Mama Kioo akasema haraka, maana alikuwa ameelewa anachotazamwa. Akauinua, akauzungusha, akachezesha vidole. "Ona. Wa kushoto hauna shida."

"Naona," daktari akasema.

"Basi."

Daktari aliendelea kutazama upande wa pili. Hapo ndipo Mama Kioo alipokumbuka jambo ambalo kila mchoraji wa katuni hulijua kabla hajajua kuchonga penseli: kioo hugeuza. Ukiinua mkono wa kulia, yule wa ndani ya kioo anainua wa kushoto. Ukiwa unachora mtu anayeandika au anayekula, lazima uigeuze picha, la sivyo dunia nzima inakuwa ya mashoto. Lakini kwenye kutembea nani hujisumbua? Mikono yote miwili inafanya kazi moja. Yeye hakuwahi kugeuza.

Akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala ubavuni, kiwiko kimekunjika kidogo, vidole vimekusanyika. Hakuwa ameuweka hivyo. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na huyu alijitazama kutwa kucha kwa miaka kumi na saba na hili halikumpitikia.

"Kaa," daktari akamwambia. "Gonganisha kidole gumba na cha shahada. Haraka uwezavyo."

Vidole vilianza vizuri. Kisha vikapunguza mwendo, vikapunguza na upana, mpaka vikawa vinagusana tu kama vimechoka. Aliviamrisha vifunguke. Vilifunguka kwa shingo upande.

"Maandishi yako yamekuwa madogo siku hizi?"

Alitaka kusema hapana. Akakumbuka kwamba mwaka huu alibadilisha kalamu mbili za kuchorea akizilaumu kwamba ni nzito, na kwamba Bwana Rudia alimtania juzi kwamba maelezo yake pembeni mwa michoro yanahitaji darubini.

"Sisemi ndiyo, sisemi hapana," daktari akasema. "Kuna vipimo, na kuna daktari wa mishipa ya fahamu nitakayekuandikia ukamwone. Kama ndio huo ugonjwa wa kutetemeka, dawa zipo, na watu wanaishi nao miaka mingi."

"Wanachora?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Hilo sina jibu lake leo, mama. Nikikupa nitakuwa nakudanganya."

Mama Kioo aliitika kwa kichwa. Alisikia maneno yote na hakuna hata moja lililokaa. Kitu kimoja tu kilizunguka kichwani mwake, tena cha kipuuzi: kwamba sasa inabidi amwambie Bwana Rudia kipande cha arobaini na moja hakina makosa.

*

Nje, mzee alikuwa amezungukwa na watu watatu kwenye benchi, anawafundisha kuhesabu kwa kurudi nyuma saba saba.

"Ah, huyu hapa! Mbona umekawia hivyo? Nimeshawaambia wenzangu hawa kwamba sina kitu."

"Baba."

"Nimekwama thelathini na saba tu, daktari akaniambia yatosha."

"Baba, mkono ule si wako."

"Si ndivyo alivyosema daktari? Mimi mzima."

"Ni wangu."

Mzee akacheka kidogo, akidhani ni utani ambao hajauelewa. Kisha akamtazama usoni na kicheko kikaishia njiani. "Wako nini?"

"Mkono. Nilidhani nakuchora wewe, kumbe najichora mimi. Wa kulia, baba." Akamnyooshea. "Wa kuchorea."

Akamwona baba yake akiutazama ule mkono wa kulia, mkono aliokuwa akiushika wakivuka barabara kwenda kwa jirani mwenye televisheni. Aliutazama muda mrefu. Watu wa benchi wakageukia mambo yao.

"Hapana," mzee akasema, akainuka. "Huyu daktari amechanganya mafaili. Kaa hapa."

"Hakuna mafaili, baba. Amenipima mwenyewe."

"Nimekwambia kaa hapa, mama."

Hakubisha hodi. Alisukuma mlango akaingia, na Mama Kioo akamfuata mbio. Daktari aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Daktari, ulinipima vibaya," mzee akasema. "Nilikuwa naigiza pale. Mimi napenda sana kuigiza, muulize huyu. Hebu nitazame sasa, nisipoigiza. Mwenye ugonjwa ni mimi. Miaka sabini na mbili hii, si ndiyo umri wa ugonjwa huu? Yeye ana filamu ya kumaliza."

"Mzee wangu..."

"Nitazame kwanza!"

Akasimama mlangoni, akaulaza mkono wa kulia ubavuni, kiwiko kimekunjika kidogo, vidole vimekusanyika, akaanza kutembea kwenda dirishani. Hatua ya kwanza mkono ulitulia. Ya pili ukatulia. Ya tatu ukajisahau ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda mbele, unabembea kwa raha zake.

Mzee akasimama. Akaukamata ule mkono kwa mkono wa pili, akaubana pajani kwa nguvu, akarudi mlangoni.

"Bado," akasema, pumzi zimempaa. "Hiyo usiihesabu, daktari. Nitazame tena."